Trekta Vipande Viwili

Trekta ya mume wangu ilikaa uani siku nne ikiwa vipande viwili, injini huku, matairi makubwa kule, na mimi katikati nikimshikia mtu tochi. Nina miaka sitini na sita. Magoti yangu hayataki tena kuchuchumaa, lakini nani aliniuliza?

Thabo, au Baba Lerato kama ninavyomwita, nilimpata kwetu Morogoro, yeye akiwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini, fundi wa matrekta kwenye shamba la wapigania uhuru wenzake. Ufundi aliusoma kwa Kiswahili, na hadi leo humu ndani tunagombana kwa Kiswahili. Tulipokuja kwao tukapata hiki kishamba kusini mwa Johannesburg, ekari tatu za spinachi na mahindi, na trekta ambayo hata wakati ule ilikuwa imeshazeeka.

Sasa giaboksi ikafa. Binti yetu Lerato, anayefanya kazi ofisini Marshalltown, katikati ya jiji, hakuzunguka. Alisema kwenye simu kwamba anakuja Jumamosi. Trekta ikilima, tubaki. Isipolima, shamba linauzwa na sisi tunahamia kwake, chumba kiko tayari. Baba Lerato akasema italima. Mimi sikusema kitu, maana kubishana nako kunataka nguvu.

Giaboksi ya mtumba aliileta Gustave, fundi Mkongomani wa mtaa wa La Rochelle, kwenye bakkie, pikapu yake, pamoja na winchi ya mnyororo.

"Maman, hii bwati iko muzima kabisa," akaniambia, akiipiga kofi ile giaboksi. "Mzee atafunga yeye mwenyewe. Sharp!"

Alisaidia kuinyanyua mpaka mahali pake, akaenda zake, kwa kuwa Baba Lerato hataki mtu mwingine ashike spana.

Ana utaratibu wake wa tangu Morogoro. Kila bolti anayofungua anaichomeka kwenye katoni aliyoichorea umbo la giaboksi, kila moja kwenye tundu lake, kwa sababu hazilingani urefu. Katoni hiyo ilikaa juu ya meza yangu ya jikoni, ikivujisha oili nyeusi kwenye kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Ijumaa asubuhi uvumilivu ukaniishia. Nikazichomoa bolti zote, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazikausha, nikazitia kwenye bakuli moja zinang'aa. Katoni nikaitupa motoni. Ilipokwisha kuungua ndipo nilipokumbuka ilikuwa ya kazi gani.

Baba Lerato aliliangalia lile bakuli. Nikangoja anifokee.

"Zimetakata, Mama Lerato," akasema tu, akaanza kufunga.

Alifunga mchana kutwa. Kila baada ya bolti mbili alipumzika, ameegemeza paji la uso kwenye tairi. Kwenye ile ya mwisho, ya chini, spana iligoma. Akasita kidogo, kisha akaikamata kwa mikono miwili na kuikaza kwa nguvu zote. Kitu kikalia ta! Ufa mrefu kama kiganja ukapita kwenye bodi ya giaboksi. Hata mimi nisiyejua ufundi nilijua imekwisha.

Nitasema ukweli. Kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Nilifurahi. Niliwaza chumba cha Lerato, maji ya moto ya bomba, asubuhi isiyo na jembe. Kisha nikaona aibu mpaka machozi yakanitoka.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilizichanganya. Hiyo ilikuwa ya tundu jingine, ni ndefu kuliko tundu hili. Nimekuharibia kazi, Baba Lerato. Nisamehe."

Alikaa chini, hapo hapo kwenye oili, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Nafunga bolti tangu sijakuoa," akasema. "Nilipoishika tu, nilijua ni ndefu."

"Sasa ulikaza ya nini?"

"Ningemwambiaje mtoto kwamba nimechoka? Na wewe unataka kubaki."

"Mimi?" Sauti ilinipanda. "Nani alikwambia mimi nataka kubaki?"

Nikamshika kwapani nimnyanyue. Akashindwa yeye, nikashindwa na mimi, tukabaki tumekaa chini.