Bado Ina Unjano

Mimi ni msusi. Kutwa nasimama nyuma ya vichwa vya watu, na jioni miguu inakuwa si yangu. Kwa hiyo mtu akinipokea mlangoni kabla sijavua viatu na kuniambia, "Mke wangu, njoo uangalie kitu," namtazama huku namwomba Mungu anipe subira.

Kitu chenyewe nakijua. Mume wangu anakusanya kompyuta za zamani, zile za nyumbani ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe. Unaichomeka kwenye televisheni, unapakia mchezo kwa kaseti, unasubiri hadi chai inapoa. Alikuwa fundi wa televisheni, na alipostaafu akaanza na moja, ya kupitishia muda. Moja ikamwita mwenzake. Sasa sebule nzima ni zao: ziko juu ya kochi, ziko chini ya meza, na adapta zimejisokota nyuma ya mlango hata haufunguki wote. Wageni tunawakaribisha jikoni. Mimi mwenye nyumba nakalia kigoda.

Plastiki za mashine hizo zilitoka kiwandani na rangi ya maziwa, lakini umri huzigeuza njano. Wakusanyaji huzirudisha kwa krimu ileile ninayopaushia nywele saluni: unapaka, unafunga kwa nailoni, unaanika juani. Basi krimu yangu ikawa inaliwa na panya wa miguu miwili. Mteja ameshakaa kitini, kitambaa shingoni, nafungua kopo naona chini.

Nilimwambia waziwazi: ama zitoke hizo, ama nitoke mimi, niende kwa dada yangu nikapumzike. Sikuwa natania, begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Akanywea. Kulikuwa na mwalimu wa chuo cha ufundi, mgonjwa mwenzake wa ugonjwa huohuo, ambaye alitaka kuzichukua zote aziweke kwenye maonyesho ya chuo. Mume wangu akakubali kuzitoa kwa sharti moja, kwamba ziende zikiwa safi.

Hapo ndipo wimbo ulipoanza. "Bado ina unjano." Kila jioni. Mimi naiangalia mashine, nyeupe pee, yeye anatikisa kichwa na kuipaka tena. Nikaona ananizunguka tu, anavuta siku ili nichoke ninyamaze. Kuchoka nilishachoka, kunyamaza ndiko kulikonishinda. Nikampigia mwalimu mwenyewe, nikamwambia aje achukue mzigo wake.

Mwalimu akaja na gari. Akainua mashine ya kwanza, ile mume wangu aliyoipenda kuliko zote, na kona ikabaki mkononi mwake. Ilimeguka kama biskuti. Akapitisha kidole juu yake, kikatoka na unga mweupe.

"Mzee," alisema polepole, "hizi zimeungua na dawa. Zilishakuwa nyeupe siku nyingi. Mbona uliendelea kupaka?"

"Nyeupe?" Mume wangu alicheka. "Mwalimu, wewe nawe! Huoni zilivyo njano?"

Mwalimu alinitazama mimi, nami nikatazama aproni yangu nyeupe ya kazini, niliyokuwa nimeifua jana yake. Nikaivua, nikampa.

"Hii rangi gani, baba watoto?"

Akaisogeza karibu, karibu kabisa na uso. "Si ile yako ya njano unayoendea kazini?"

Nitasema kweli: huruma haikuwa ya kwanza kufika. Iliyotangulia ni hasira. Moyoni nilikuwa nimeshaondoka, na sasa macho yake yamenifungia mlango. Utamwachaje mume asiyeona? Nilikaa chini palepale sakafuni, mbele ya mwalimu wa watu, nikalia kwa uchovu mtupu.

Mwalimu akaondoka na gari tupu. Hospitalini daktari alisema ni mtoto wa jicho, wa siku nyingi, na kwamba anatolewa na mtu anaona. Mume wangu akakataa. Alikuja na visingizio vya kila aina mpaka nikambana jikoni.

"Unaogopa kisu?"

"Kisu siogopi." Alikuwa anakuna meza kwa ukucha. "Nikiona, nitaona nilivyozifanya."

"Utaona. Mimi naziona kila siku na sijafa."

Akacheka bila kutaka, akaenda. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa na bibi harusi saluni, hivyo mwalimu ndiye aliyemrudisha nyumbani. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya sebule. Alikuwa anazigusa moja moja, zenye mabaka ya chaki, zilizopasuka pembeni.

"Nimeziua zote," alisema. "Kwa mkono wangu. Nikidhani nazitunza."

Aligeuka aseme kitu kingine, akanitazama, na hicho kingine hakikutoka. Akaja karibu. Nikajiandaa kutaniwa kuhusu mikunjo na mvi.

"Mke wangu," alisema. "Umechoka."

"Si nilikuwa nakwambia?"

"Ulikuwa unaniambia." Bado alikuwa ananitazama, mpaka nikaona haya kama mwari. "Sikujua ni hivi. Nenda kwa dada yako. Sikufukuzi, nenda ukalale. Kupika najua, na sasa hata chumvi naiona ilipo."

Nilifikiri ningekataa. Mke mwema angekataa. Lakini miguu iliniuma, na nilitaka kwenda, na nilimpenda kwa kunipa ruhusa ambayo nilikuwa nimeacha kuitegemea. Nikatoa begi chini ya kitanda.

Daktari alikuwa amemkataza kubeba vizito, kwa hiyo nililibeba mwenyewe. Alinisindikiza hadi kituoni. Kila tulipopita duka alinisomea kibao chake kwa sauti, na mimi niliyevijua vibao vyote vya njia ile nilimwacha asome.