Nzi Bubu

Na watu sina subira, ila na nzi ninayo. Kila asubuhi nilikuwa nambandika nzi mmoja wa matunda kwa gundi chini ya darubini, namfungulia kidirisha kichwani, nampa kimpira kinachoelea juu ya hewa atembee juu yake papo hapo. Nzi wetu wamepandikizwa kitu kinachozidi kung'aa kijani ubongo unapofanya kazi. Baada ya miaka minne nikapata: nzi akianza kutembea, kidoa kimoja kinawaka. Nikasema hapo ndipo anapoamua. Shahada yangu ya uzamivu yote ilikalia kidoa hicho, na Ijumaa nilikuwa niitetee mbele ya jopo.

Jumatatu fundi wa darubini, mtu wa utani kupita kiasi, akaniuliza, "Dada Nzi, wale bubu ushawapima?"

Bubu ni nzi ambao kijani chao hung'aa vilevile tu, ubongo ufanye kazi usifanye. Unawapima ili uwe na hakika kuwa mwako unaouona ni kazi ya ubongo, si kitu kingine. Niliwalisha miaka yote hiyo, kila mara nikisema wiki ijayo. Darubini yenyewe tulikuwa tunaigombania, halafu niipotezee kwa nzi wasio na la kusema?

"Wewe naye! Usinitie presha bure," nikamwambia. Lakini nikambandika mmoja, ili kumnyamazisha tu.

Bubu akatembea. Kidoa kikawaka.

Nikaweka wa pili, wa tatu, hadi wa tisa. Mambo yale yale. Nzi akipiga hatua, ubongo unatikisika, unasogea kwenye mwanga wa darubini, kidoa kinaonekana kuwaka, basi. Hakuna cha uamuzi wala nini. Miaka minne nimepiga picha mtikisiko! Fundi akaacha utani, akanivutia kiti. Nililia mpaka kamasi zikadondokea daftari, na sioni aibu kusema.

Profesa, msimamizi wangu, nilimkuta ofisini kwake anamenya chungwa. Nikamweleza yote nimesimama. Wala hakushtuka.

"Nilishuku tangu mwaka wako wa pili," akasema. "Nikawa nangoja uwapime mwenyewe."

"Mwaka wa pili, Profesa?"

"Mtafiti hili haambiwi. Sasa umejifunza." Akaninyooshea kipande cha chungwa.

Nilitaka kumporomoshea matusi yote niyajuayo, nimpindulie na meza. Mkono ukapokea chungwa, mdomo ukasema asante.