Mbwa Aliyeacha Sauti Nyumbani

Fundi cherehani alikuwa akikunja upindo wa suruali ya mteja alipoona tone la damu kwenye kitambaa. Akakagua vidole vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima. Damu ilikuwa ya Kifungo, mbwa wake mdogo wa kahawia, aliyelaza kidevu kwenye suruali huku fizi zikimvuja.

Hofu ikamshika. Alikwisha kumimina maziwa kwenye bakuli, kama mama yake alivyofanya siku zote mtu akila kibaya, lakini daktari wa mifugo akamkataza kwa simu. Asimpe maziwa, asimpe mafuta, asimtapishe. Amlete upesi, pamoja na pakiti ya alichokula.

Pakiti hakuwa nayo. Akamfunga mbwa kwenye shuka, akambeba. Walipopita chini ya ngazi Kifungo akabweka mara moja, na sauti ikabaki palepale. Mbwa akaenda, sauti ikaendelea kubweka.

Daktari akatoa damu kidogo, akaiacha kwenye kichupa. Haikuganda. Hiyo ni sumu ya panya, akaeleza, na hukawia: mbwa huila leo akacheza, siku ya tatu ndipo huvuja. Dawa ipo.

"Ila bila pakiti, dada, sijui nimtibu wiki moja au mwezi mzima."

Kwenye kadi akaandika uzito, joto, na kwamba sauti ya mgonjwa imebaki nyumbani. Akamshauri fundi aifuate.

Chini ya ngazi, sauti ilitoka nyuma ya fagio, ndani ya kopo la siagi lililojaa punje za bluu zilizochanganywa na unga. Fundi alipolifunika kwa kiganja, mbweko ukafifia. Akalipeleka kwa mwenye nyumba, mzee mpole aliyejua majina ya watoto wote wa wapangaji wake. Pakiti alikuwa amezichoma. Kila sumu aliyonunua aliimimina kwenye makopo, maana pakiti huchafua nyumba, na jina la sumu hiyo alikuwa amelisahau.

"Ni ya panya tu, mwanangu. Mbwa haimhusu."

Kifungo akatibiwa mwezi mzima. Akarudi amenenepa, bila sauti. Sauti yenyewe ilihama kila mara mzee alipohamisha makopo: leo kwenye kamba za nguo, kesho nyuma ya tangi la maji. Wapangaji wakaizoea. Iliposikika, walishika watoto mkono wakazunguka. Mwenye nyumba akaiona ni kelele, akabandika tangazo kwamba ni marufuku mbwa kubweka, na fundi akalitia saini kwa moyo mweupe. Shida yake ilikuwa nyingine: Kifungo kila alipoisikia sauti yake aliivuta kamba kuiendea. Fundi hakuthubutu kuiachia hata kidogo, na kiganja chake kikaota sugu.

Asubuhi moja walirudi kutoka kununua uzi. Fundi akaiweka kamba chini ya kiatu ili afungue kufuli. Mlango ulipofunguka, mbweko ukasikika chumbani. Kiatu kikateleza. Kifungo akaingia mbio, mkia juu.

Mwenye nyumba alikuwa akishuka ngazi na kopo tupu na funguo zake za akiba.

"Nimekuwekea na wewe, mwanangu," akasema kwa upole. "Nikaona umesahaulika."

"Wapi, mzee?"

Akafikiri kwa dhati.

"Hapa na pale."

Sauti ilibweka chini ya kitanda, nyuma ya kabati na ndani ya kapu la vitambaa, kote kwa wakati mmoja. Fundi akajirusha ndani, akamnyakua Kifungo, akapanda naye juu ya meza ya cherehani na kukunja miguu. Mlangoni mzee aliuliza kama kelele hizo ni za mbwa wake, akakumbusha habari ya tangazo. Fundi alikuwa akimtazama Kifungo, aliyetulia mapajani akilamba midomo.