Plagi ya Gari la Shifa

Nimekasirika tangu Jumanne, na sioni sababu ya kuficha.

Naitwa Kazija, mzaliwa wa Unguja, na hapa Guangzhou nina kiofisi changu kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Watu wa nyumbani wananiagiza, mimi nazunguka, nanunua, napakia. Kazi yetu ina desturi: mzigo hauingii kontena mpaka mteja aone kwenye video kuwa unafanya kazi. Jenereta lazima lingurume, jiko lazima liwake. Basi wifi yangu Shifa, mke wa kaka yangu, aliponiagiza gari la umeme, nilisimama kwenye yadi ya magari nikamrekodi fundi akichomeka waya. Taa ya kijani ikawaka, asilimia zikapanda. Shifa alipiga vigelegele kwenye simu.

Gari likafika Dar. Shifa alikuwa ameshapata mkataba na hoteli moja ya Masaki, kubeba wageni wa uwanja wa ndege, safari sita kwa siku, kuanzia Jumatatu inayokuja. Hoteli ina chaja yake ya haraka, na ndiyo maana walitaka mwenye gari la umeme. Jumanne akaenda kulijaribu. Kichwa cha chaja kikagoma kuingia. Gari lina matundu ya mtindo wa China, chaja ya hoteli ni ya mtindo wa Ulaya. Umeme ni ule ule! Lakini wakubwa wa huku wamechonga plagi yao, wakubwa wa kule wamechonga yao, na Shifa amebaki na pambo la kuegesha uani. Akichaji kwa umeme wa nyumbani, usiku mzima haumtoshi kwa safari sita.

"Wifi," aliniambia, "video yako ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoniponza."

Kweli tupu. Nililirekodi China, ambako kila chaja inaliingia. Nilijiona mjinga, kisha nikaenda kumtafuta mwenzangu wa kugawana naye ujinga.

Bosi Huang, mwenye yadi, alinimiminia chai kama kawaida yake.

"Laoban," nikamwita, yaani bosi, "ulijua gari lile linakwenda Tanzania?"

"Nilijua."

"Na ulijua kule chaja ni za Ulaya?"

"Nilijua. Nilikuwa na magari ya aina zote mbili za plagi. Nyinyi mlitaka jeupe. Lenye plagi ya Ulaya lilikuwa la kijivu."

Siku tatu mimi na Shifa tulibishana rangi kwenye simu, ipi haionyeshi vumbi, ipi itapendeza mlangoni mwa hoteli, na bwana huyu amekaa hapo hapo anakunywa chai yake, kimya!

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Hana haya. Nilipiga meza, vikombe vikaruka. Nikamwambia nataka adapta, tena leo, tena bure. Akaniletea ya kinyume, ya kuingiza chaja ya China kwenye gari la Ulaya. Nikamrudishia. "Meiyou," akasema, hakuna nyingine. Nikatoa simu, nikamwonyesha kundi letu la wafanyabiashara, Watanzania mia nne na ushee, kidole changu kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi. Adapta sahihi ikapatikana kwenye kabati la nyuma yake.

Ina betri ndani, haiwekwi kwenye mzigo wa chini wa ndege. Thadeo, mnunuzi wa nguo kutoka Tabora, alikuwa anaruka Ijumaa kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, akaibeba kwenye mkoba wake wa mkononi. Jana Jumamosi ikamfikia Shifa. Leo asubuhi yao alikwenda hotelini, akanipigia simu ya video nione.

"Imeingia, wifi! Imeingia!"

Kabla taa haijawaka, mkono wa mwanamume ukaichomoa. Alikuwa meneja, na karatasi mkononi. Kampuni iliyofunga chaja imekataza adapta. Chaja ikiungua, dhamana imekufa.

"Lete gari lenye plagi inayokubalika," akasema, "ama kesho kazi tunampa mwenye Noah ya petroli."

Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango kubwa la kijani linalosema kwamba hoteli hiyo inajali mazingira. Wallahi ningekuwa karibu ningelibandua nimpe alimeze. Wanataka gari la umeme, wamelipata, sasa wanaita petroli!

Shifa alifunga milango, akatia ufunguo kwenye mkoba, akaketi juu ya boneti la gari lake jeupe, mbele kabisa ya chaja yao.

"Mama, unaziba njia," meneja akasema.

Gari refu la mgeni fulani, lenye plagi inayokubalika, lilisimama nyuma likapiga honi. Kisha likapiga tena. Shifa hata hakugeuka.

"Mwite mkubwa wako," alimwambia meneja. "Nipo hapa hapa."

Akanitazama kwenye simu. Nikamwambia, "Usisogee, wifi."