Nguvu za Tusekile Zilizohamia kwa Hosea

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imepumzika kidogo, Tusekile alijaribu kuinuka kwenye sofa mara tatu akashindwa. Alipokwisha kushusha pumzi alitazama dirishani, akaona mkungu wa ndizi ukipanda kilima peke yake. Ulikuwa hewani, kimo cha kichwa chake, ukiyumba kushoto kila hatua ya nne. Aliutambua mwendo ule kwa kuwa ulikuwa wake. Hata nyayo zilizobaki kwenye tope, pana, zenye kidole gumba kilichopinda kwa ndani, zilikuwa zake.

"Kumbe nguvu zangu zimehamia kwa jirani Hosea," alisema, akamwita mkwewe Lilian aje amvute.

Tusekile alikuwa na miaka sitini na nane, na kwa miaka arobaini alibeba ndizi kutoka bondeni hadi barabara ya lami, na mtoto mgongoni mara sita. Kisha mtoto wake wa kwanza, Erasto, mwenye duka la mabati Msasani, alimnunulia sofa la kuzama. Siku hiyohiyo alilichukua jembe la mama yake akalifungia stoo. "Mama, umehangaika vya kutosha," alisema. "Sasa kazi yako ni kula na kupumzika." Kijiji kizima kilimsifu, kwa maana huko mama akinenepa ni watoto wanaopewa hongera. Kupenda alimpenda kweli, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkatalia.

Baada ya miaka miwili mzani wa zahanati ulisoma kilo mia moja na kumi na mbili. Muuguzi, binti mpole aitwaye Prisca, alimwambia apunguze uzito. Tusekile hakuwahi kuwa mvivu wa jambo lolote, hata la kujinyima. Aliacha maharage, akaacha maziwa na mayai, akabaki na chai na kipande cha ndizi ya kuchemsha, tena hapohapo kwenye sofa. Mzani uliposhuka hadi mia moja na tatu, Prisca alipiga makofi na kuandika "Vizuri sana" kwenye kadi. Watu wawili walimnyanyua Tusekile kwenye benchi ili akaipokee. Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, nguvu zake zilitoka kwa mlango wa jikoni, kama mtu yeyote anavyoondoka kwenye nyumba isiyo na kazi wala chakula.

Angeweza kuziacha ziende, wenzake wengi waliziacha. Lakini wiki hiyohiyo rafiki yake Anyosisye alirudishwa nyumbani Matwebe kutoka hospitali, na waliomrudisha hawakuficha kwamba ni kwa ajili ya kusubiri. Walikuwa wameolewa mwaka uleule mmoja, wakazaa pamoja na kuzikiana wanaume. Tusekile alipokwenda kumwona, Anyosisye alimshika mkono.

"Gwe Tusekile, nikienda utakaa chini na binti yangu Tulia?"

"Nitakaa."

"Usije ukakaa kwenye kiti na wageni."

"Nimesema nitakaa."

Msibani wanawake wa karibu hukaa chini, mkekani, pamoja na mfiwa, siku zote mpaka mazishi. Anayekaa kwenye kiti amekuja kusalimia. Tusekile alijua kwamba akikaa chini hatainuka, na kwamba mazishi hayamsubiri mtu aliyekwama mkekani. Njia nzima ya kurudi alilia, kwa ajili ya rafiki yake na kwa ajili ya ahadi aliyoitoa bila kuwa na miguu ya kuitimiza.

Kesho yake alichukua fimbo akaenda shambani kwa Hosea. Jembe lilikuwa linalima lenyewe, matuta yamenyooka. Lilipomwona lilisimama.

"Ugonile, mama Erasto," alisalimia Hosea. "Nguvu zako ziko huku. Nazishukuru fijo, sana kabisa."

"Nimezifuata." Kisha akaliambia jembe, "Rudini nyumbani."

Jembe halikusogea. Hosea alikuna kichwa. "Samahani, dada, zitarudi kufanya nini? Kukaa kwenye sofa?"

Swali lilikuwa la haki, na Tusekile hakulikasirikia. Alirudi nyumbani, akamwambia Lilian abandike maharage, akaagiza sofa lisukumwe hadi kwenye banda la kuku, ambao walilipokea vizuri na kuanza kutaga. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao, akainuka, akakaa, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, jasho likimtiririka na magoti yakimlaani. Alipokizoea kiti alihamia kwenye stuli, kutoka stuli kwenye kigoda. Haba na haba hujaza kibaba. Siku ya kumi na moja mashavu ya miguu yalirudi, akiwa anakunywa mtindi. Mgongo ulirudi wiki ya tano. Paja la kulia lilifika likiwa na tope la kwa Hosea. La kushoto lilikawia, na Hosea hakuona sababu ya kulihimiza.

Erasto alikuja akamkuta mama yake na ndoo mkononi. Alivunjika moyo.

"Mama, watu watasema tumekutelekeza."

"Waseme. Nifungulie stoo."

Alifungua. Hakuwa mtoto mbaya.

Anyosisye alifariki mwezi wa sita, siku ya baridi kali, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Paja la kushoto lilikuwa bado halijarudi. Tusekile alifika Matwebe, akamtafuta Tulia kwa macho, akajishusha mpaka mkekani bila kujua atainukaje. Erasto alimfuata na kiti cha plastiki.

"Mama, nakuomba. Watu wanaona."

"Wanaona nini? Kaa huko kwa wanaume."

Siku tatu alikaa. Alimlisha Tulia uji kwa kijiko, akaimba alipoweza kuimba. Siku ya tatu saa nane mchana wanaume walinyanyua jeneza, na wanawake wote wakasimama isipokuwa wawili, Tulia aliyeishiwa nguvu na Tusekile aliyejaribu mara moja na kurudi chini. Ndipo wanawake waliokuwa mlangoni walipokunja kanga zao na kusogea kupisha. Nyayo za mguu mmoja, wa kushoto, zilivuka uwanja, zikavuka kizingiti, zikaishia kwake. Tusekile aliinuka bila kushika ukuta. Kisha akainama akamnyanyua Tulia, mwanamke mzima, akambeba hadi kaburini. Aliyemwona siku ile hawezi kumsahau, mwili ule mkubwa ukipanda kilima taratibu na mzigo wake begani, bila kuomba mkono wa mtu.

Wiki mbili baadaye alikwenda zahanati kwa miguu. Mzani ulisoma kilo mia moja na sita.

"Bibi, umeongezeka tatu," alisema Prisca kwa masikitiko. "Tulikuwa tunakwenda vizuri."

"Nimembeba mtu msibani."

"Mzani hauandiki hayo, bibi." Akaandika kwa kalamu nyekundu. Akamhimiza aache maharage.

Tusekile alimshukuru kwa adabu, kwa kuwa binti alifanya alivyofundishwa. Aliyefuata alikuwa mama mwenye miaka kama sitini, aliyehitaji watu wawili kumtoa kwenye benchi. Alikuwa amepungua kilo nane. Prisca alipiga makofi, na foleni nzima ikamfuatisha. Tusekile alikuwa amefika mlangoni aliposikia hatua nzito nyuma yake, na alipogeuka hakukuwa na mtu. Akajibana ukutani kuzipisha. Zilitoka, zikashuka ngazi, zikashika barabara ya kwenda mashambani, na ndani makofi yalikuwa bado yanaendelea.