Pindo la Sketi ya Shule

Kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaoshwa, fundi cherehani alimsimamisha binti yake mbele ya kabati akampima. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano, na kila wiki alikuwa amepungua inchi moja, wiki mbaya inchi mbili. Si kukonda. Alipungua mzima mzima, utosini hadi nyayoni.

Mama hakuwa fundi wa kubahatisha. Alipandisha pindo la sketi, akabana kiuno, akafupisha mikono ya shati, na Jumatatu asubuhi sare ilimkaa binti kama kazaliwa nayo. Mwalimu wa darasa alimsifu kwa unadhifu, akamhamishia dawati la mbele, baadaye akamketisha juu ya dawati lenyewe. Baba alitania kwamba watoto wa wenzake wanawapita wazazi urefu, wake bado ana adabu. Walicheka wote. Binti naye akajikaza kisabuni, akacheka.

"Siku hizi unawaza nini wewe?" mama alimwuliza mara moja, pini zikiwa mdomoni.

"Kwamba sina faida. Kwamba mngepumzika kama nisingekuwepo."

"Hebu simama wima."

Tepu ilikuwa bado imemgusa kisigino. Mama aliona kwa macho yake nusu inchi ikitoweka hapo hapo. Akaiandika kwenye daftari la vipimo, maana mkono ulijua kuandika, mdomo haukujua kuuliza tena.

Mwaka ulipoisha binti alikuwa akikaa juu ya meza ya cherehani, kati ya chaki na kopo la vifungo, akisubiri nguo yake.

"Mama," alisema, "sitaki kuishi tena."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama alisikia kila neno, na moyo ukampasuka. Alitaka kuacha kila kitu amkumbatie. Lakini sindano ilikuwa imeshauma kitambaa, na kazi ndiyo njia pekee aliyoijua.

"Ngoja kwanza nimalize pindo, mwanangu," alisema. "Usije ukajikwaa."

Binti akangoja, siku zote alikuwa mtoto msikivu. Mama alishona huku akilia, akifuta macho kwa mabaki ya sketi ya mwaka jana.

Jumatatu asubuhi sare ilikuwa imepigwa pasi, urefu wake kidole kimoja. Binti akaivaa. Ilimkaa vizuri kuliko zote.