Nafasi Moja, Jumamosi ya Umuganda

Wallahi sikumwibia mtu kitu. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia siku zile zote.

Profesa mmoja wa Ubelgiji alitangaza nafasi mbili katika maabara yake ya mekanika na malighafi za kisasa. Moja ilikuwa ya watu ambao tayari wana shahada ya uzamivu, hiyo haikutuhusu. Ya pili ilikuwa ya kwenda kuisomea shahada yenyewe, miaka minne na posho juu. Kazi ni kuchunguza bodi nyepesi za nyuzi na gundi, zile wanazotengenezea mabawa ya ndege, zinaanza kupasuka wapi na kwa nini. Maabara yetu hapa Kigali ilikuwa ikifanya jambo hilohilo kwa nyuzi za migomba. Tukaomba mimi na mwenzangu Sangwa, tukaitwa wote wawili kwenye mahojiano. Hawakutaka mtu aliyemaliza shahada ya pili zaidi ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo kwa Sangwa ilikuwa mwaka huu au basi tena. Mimi bado nilikuwa na mwaka mmoja mbele.

Sangwa ana akili mpaka inaudhi. Bodi ikiwekwa kwenye mashine ya kuivuta, anakuonyesha kwa kidole itakapokatikia, na kweli inakatikia hapo. Lakini mzungu akimwandikia barua pepe, anatetemeka.

"Dada Mwamini, jibu wewe. Wewe iko na maneno."

Mimi binti wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili, maneno nimezaliwa nayo. Basi profesa alipouliza kama Jumamosi asubuhi inatufaa, saa tatu Sangwa na saa nne mimi, kwa mtandao wa maabara, mimi ndiye niliyejibu kwamba inatufaa sana.

Kumbe umuganda wa mwezi huo, ile kazi ya usafi ya nchi nzima, ukawahishwa kwa wiki moja. Tangazo liliingia Ijumaa alasiri kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu: kesho kuanzia saa mbili hadi saa tano ni kazi ya pamoja, maduka yafungwe, pikipiki zisibebe watu. Mimi maabara naenda kwa miguu. Sangwa anatoka Kabeza, mji mzima uko katikati. Na nilijua, kwa sababu aliniambia mwenyewe, kwamba alikuwa amezima makundi yote ya simu ili asome, na mama yake yuko msibani Rwamagana.

Nilishika simu, nikalifungua jina lake. Halafu nikajisemea, ah, mtu mzima huyo, hana majirani? Nikaenda kupiga nguo pasi.

Jumamosi saa tatu kamili profesa akatokea kwenye skrini. Kiti cha Sangwa kilikuwa kitupu.

"Mwenzako yuko wapi?"

Ningemweleza umuganda ni nini, yangekwisha. Mzee wa watu angesema sawa, tumsubiri.

"Sijui," nikasema.

"Basi tuanze na wewe."

Na nilijibu vizuri, hilo nalo linaniuma. Swali gumu kuliko yote nilijibu vile vile Sangwa alivyonifafanulia wiki iliyopita, tunakula maandazi nje ya maabara.

Aliingia karibu saa sita, matope mpaka magotini. Pale njiapanda ya Sonatubes wasimamizi wa umuganda waliisimamisha pikipiki, wakamteremsha. Akasema mahojiano, mahojiano! Wakamwambia hapa kila mtu ana mahojiano yake, wakampa jembe azibue mtaro. Alikuwa amenitumia ujumbe chungu nzima. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, nimeizima sauti, eti kwa heshima ya mahojiano.

"Uliwaambia iko umuganda?"

"Mambo yalikwenda haraka, Sangwa."

"Si kitu, dada. Nitamwandikia mwenyewe."

Akamwandikia kweli, yeye anayetetemeka. Jumatatu nafasi ikaja kwangu. Mama yangu akapiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka nje na futi yake shingoni, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Jumatano jioni Sangwa akaja nyumbani na mama yake, Mama Mukandekezi, kunipongeza. Walileta maparachichi na Fanta. Mama wa watu alinikumbatia kwa muda mrefu, ndipo akakaa.

"Lakini huyo mzungu wenu hana adabu," alisema. "Mwanangu kamweleza ya umuganda, yeye anamjibu eti mwenzako wa mji huohuo alifika, na alipoulizwa hakujua lolote. Yaani kamwita Sangwa mwongo! Nikamwambia usijali, ni mtu wa shughuli nyingi, kachanganya. Mwamini lazima alimwambia." Akatikisa kichwa. "Ninajilaumu mimi. Ningekuwa nyumbani Ijumaa ile, ningemwambia."

"Hata dada hakujua siku hiyo, mama," Sangwa akasema. "Angejua angenipigia."

Alisema hivyo huku ananimiminia Fanta. Nikashindwa kuvumilia.

"Nilijua," nikasema. "Tangu Ijumaa, Mama. Nilitaka kupiga simu, nikaacha. Na profesa aliponiuliza, nilisema sijui."

Laiti angenitukana! Sangwa aliweka chupa chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mpigie profesa," alisema. "Sasa hivi. Mimi nasikia."

Nikapiga, spika ya simu wazi. Yale maneno yangu yote ninayojivunia yalinikaukia, nikaeleza kwa kubabaika kama mtoto aliyevunja sahani. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atamsikiliza Sangwa kesho saa nane, na mpaka hapo nafasi si ya mtu, itaamuliwa upya.

"Na wewe, Mwamini," akauliza, "bado unaitaka?"

Wote wawili walikuwa wakinitazama. Jibu la mtu mwungwana lilijulikana na chumba kizima, hata mimi nililijua. Nikafikiria ile maabara ya Ubelgiji, nikafikiria vigelegele vya mama yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Bado naitaka."

Uso uliniwaka kwa aibu, lakini sikulirudisha neno langu. Mama Mukandekezi akaweka kitenge chake sawa begani, akasimama. Kwaheri hakuniaga. Sangwa alibaki kidogo mlangoni, akaniomba jambo moja tu: kesho saa nane nisije maabara.

Nikamwambia sitakuja.